Jinsi ya kufanya utafiti wa kazi, magonjwa na vifo bila kudanganywa na waliobaki

Watu wengi wakipewa hii mada wanakimbilia njia moja tu, wanaenda kiwandani wanagawa madodoso, wanahesabu nani anaumwa nani haumwi, wanaandika ripoti. Alafu matokeo yanatoka kwamba wafanyakazi wako fiti kuliko hata watu wa nje, supavaiza anashangaa na mwanafunzi anashangaa. Hamna cha kushangaa hapo. Uliowakuta ni waliobaki. Waliougua walishaacha kazi, waliokufa walishazikwa, we umehesabu waliovuka ukasema mto hauna mamba.

Hii sio siri mpya, William Ogle aliyekuwa anashughulikia takwimu za vifo Uingereza aliiona tangu 1885, kwamba kazi nzito inachagua wenye nguvu na ikishawachosha inawatema, kwa hiyo inaonekana salama kuliko ilivyo. Sasa dawa yake ni nini? Usianze na waliopo. Omba daftari la ajira la miaka ya nyuma, chukua WOTE walioandikwa humo, hata aliyekaa miezi mitatu akaondoka, alafu mfuatilie mmoja mmoja mpaka leo: yuko kazini, kaacha, kastaafu, kafa. Inachosha, nakubali, na kuna majina utayakosa kabisa, ila andika wangapi umewakosa maana hao ndo wenye stori. Na ukilinganisha, linganisha na wafanyakazi wa kazi nyingine, usiwaweke upande mmoja na jamii nzima ambayo ndani yake kuna wagonjwa ambao hata kuajiriwa hawakuweza.

Kwenye dodoso watu wanakosea swali moja dogo. Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, mwaka 1700 alitoa kitabu kizima cha magonjwa ya wafanyakazi akasema daktari akishamaliza maswali yale ya Hippocrates, tabibu wa kale wa Ugiriki, aongeze hili: unafanya kazi gani? Zuri sana, ila kwa utafiti wa leo halitoshi, manake mtu anakutajia kazi ya mwisho. Anakwambia mlinzi, kumbe miaka 12 ya ujana alikuwa anakata mabati ya asbesto. Saratani ya utando wa mapafu inayoletwa na asbesto mara nyingi inachukua miaka 20 mpaka 40 na zaidi kujitokeza, mtu keshabadilisha kazi mara tano na aliyemwajiri keshafunga biashara. Percivall Pott wa London aliona kitu cha aina hiyo mwaka 1775 kwa wasafisha dohani, walianza kazi wakiwa watoto wadogo, saratani ya mfuko wa korodani ikawapata wakishakua.

Kwa hiyo uliza historia yote, mwaka kwa mwaka, kuanzia kazi ya kwanza kabisa hata kama hakulipwa. Uliza pia alikulia wapi na nani nyumbani alikuwa anarudi na nguo za kazi zenye vumbi. Mwaka 1960 Afrika Kusini, J. C. Wagner na wenzake waliripoti wagonjwa 33 wa hiyo saratani ya utando, wengi wametokea maeneo ya machimbo ya asbesto, na sio wote walikuwa wachimbaji, kulikuwa na akina mama wa nyumbani na wachunga ng'ombe. Ungeuliza "kazi yako ni nini" tu ungewapoteza wote hao.

Cheti cha kifo sasa. Usikiamini kama msahafu. Kwenye sehemu ya kazi utakuta "mstaafu", ambayo sio kazi. Kwenye sababu utakuta "moyo kusimama", jamani kila anayekufa moyo unasimama. Tafuta sababu ya msingi, ile iliyoanzisha mlolongo mzima, sio ile ya dakika ya mwisho, na kama kuna faili la matibabu soma hilo kwanza.

Usidhani pia hii mada ni ya migodi na viwanda tu. Utafiti wa Whitehall ulioanza 1967 ulifuatilia wanaume zaidi ya 17,000 wa serikalini kule London, watu wa ofisi, hamna vumbi hamna moshi, na bado wa daraja la chini kabisa walikuwa wanakufa karibu mara 3 ya wale wa juu. Walipoondoa sigara na presha ya damu kwenye hesabu tofauti ilipungua ila haikuisha. Ndo maana siku hizi tunapima pia mtu ana uamuzi kiasi gani juu ya kazi yake, mtafiti Robert Karasek aliweka hoja mwaka 1979 kwamba mzigo mkubwa wa kazi ukichanganya na kutokuwa na sauti ndo balaa lenyewe. Mi naona hicho kipimo kinafaa kuliko swali la "je una stresi", swali ambalo kila mtu anajibu ndiyo.

Ukitumia takwimu za dunia soma zilivyopatikana. WHO (Shirika la Afya Duniani) na ILO (Shirika la Kazi Duniani) mwaka 2021 walisema vifo 745,000 vya mwaka 2016, vya kiharusi na moyo, vinatokana na kufanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki. Hayo ni makadirio, wamechukua ongezeko la hatari (kiharusi asilimia 35, moyo 17) wakazidisha na idadi ya watu wanaofanya masaa hayo, hakuna aliyehesabu vyeti maana hakuna cheti kilichoandikwa "masaa mengi". Itaje hivyohivyo, makadirio.

Mwisho wafiwa, na hapa nenda polepole. Japani hili suala la kufa kwa kazi nyingi, karoshi, lilisukumwa sana na wajane waliopiga simu kwa mawakili kuanzia 1988, wao ndo walijua mume karudi saa ngapi. Familia inajua vitu ambavyo daftari la ofisi halina. Ila pata kibali cha maadili kwanza, waache wachague siku, usiahidi fidia, na usiwaambie "kazi ndo ilimuua" kabla data haijasema, ukishalitamka hilo hawawezi tena kukuhadithia chochote bila kulipitia.

Dodoso lijaribu kwa mzee mmoja aliyestaafu. Mkimaliza ndani ya dakika 10 jua umeuliza kazi ya mwisho tu, rudi ukaandike upya.