Picha ya Kuguswa Ianze na Kitu Chenyewe
Mwalimu anayetaka mwanafunzi asiyeona atengeneze picha ya samaki asianze na karatasi, bali ampe kwanza samaki mzima, ili vidole vyake vipite juu ya magamba, mapezi na mkia bila kuharakishwa. Baada ya hapo mwanafunzi abandike uzi wa katani kwa gundi juu ya kadibodi ngumu, akifuata umbo analolikumbuka, kisha ajaze mwili kwa maganda ya mayai yaliyopondwa na mapezi kwa kitambaa laini. Kazi iachwe hadi kesho yake, kwa sababu uzi ambao gundi yake haijakauka huhama unapopapaswa. Mistari miwili isikaribiane chini ya milimita 3, kwani vidole huweza kuihisi kama mmoja.

Jambo ninalolisisitiza zaidi, na ambalo hata walimu wenye nia njema hulikosea, ni kwamba usiushike mkono wa mtoto na kuuburuta juu ya picha. Weka mkono wako chini ya wake, aufuate kwa hiari na auondoe wake anapotaka. Wenye uoni hafifu waongezewe rangi zinazotofautiana sana, kama nyeusi juu ya njano.