Ukijifunza Shaetlan, beba msemo mzima mzima

Wanaojifunza Shaetlan, lugha ya visiwa vya Shetland kaskazini mwa Uskoti, wengi huandika neno mojamoja daftarini. Afadhali uandike msemo mzima kama ulivyousikia, na pembeni uweke nani kamwambia nani.

Chukua "noo dan". Ukiipasua utapata "sasa" na "basi", na utabaki umekodoa macho. Kumbe ni salamu tu. (Wa Nairobi hatashangaa, maana naye husalimia "Sasa?") "Simmer dim" nayo ni ule mwanga hafifu wa usiku wa Juni, giza linapokataa kuingia kabisa kwa sababu visiwa viko karibu nyuzi 60 kaskazini. "Mirrie dancers" ukiifasiri neno kwa neno utafikiri kuna ngoma mahali, kumbe ni mianga ya rangi inayocheza angani huko kaskazini.

Ile pembeni ya daftari ndiyo wengi huiruka, na ndiyo yenye kazi. Shaetlan ina "wewe" mbili: "du" ya rafiki, ndugu au mtoto, na "you" ya mkubwa au mgeni. Kwa hiyo "blyde ta see dee", nimefurahi kukuona, mwambie rafiki yako ("dee" ni "du" ileile ikiwa mtendwa). Kwa mzee usiyemjua, "dee" inageuka "you". Ziandike zote mbili mstari mmoja, kisha zisome kwa sauti. Tahajia hutofautiana kati ya waandishi, isikutie wasiwasi.