Kuipasua nambari ya tarakimu 20 kwa kalamu na karatasi

Ubao wa ajua, aina ya mchezo wa bao, una mashimo 16, safu mbili za manane manane. Panga mbao nne, upate mashimo 64. Shimo la kwanza tia punje 1 ya mahindi, la pili 2, la tatu 4, kila shimo mara mbili ya lililotangulia. Ubao wa kwanza utameza punje 65,535. Tukikadiria punje tatu kwa gramu moja, hiyo ni karibu robo ya gunia la kilo 90. Mbao zote nne zikijaa, jumla ni 18,446,744,073,709,551,615, na hapo si Kibuye wala soko lingine lolote litakalokutosheleza. Nambari hiyo ni 2 kwa kipeo cha 64, toa 1. Tunataka kuipasua, yaani kuiandika kama zao la nambari tasa.

Simu weka kando kwanza. Kalkuleta ya tarakimu kumi itaonyesha 1.844674407 × 10¹⁹. Excel nayo itaandika 18,446,744,073,709,600,000, kwa sababu hutunza tarakimu 15 pekee. Sifuri tano za mwisho ni za uongo: nambari yetu ni witiri, hiyo ya Excel ni shufwa.

Kujua idadi ya tarakimu bila kuandika nambari nzima, zidisha 64 × 0.30103 (hicho ndicho kipeo cha 10 kinachotoa 2). Unapata 19.27. Chukua 19, ongeza 1. Hiyo 1 ndiyo husahauliwa sana. Kumbuka 10 ina kipeo cha 1 lakini tarakimu 2.

Tarakimu ya mwisho ni rahisi. Vipeo vya 2 huishia 2, 4, 8, 6, kisha huanza upya. 64 hugawanyika kwa 4, basi mwisho ni 6; toa 1, inabaki 5. Kwa hiyo 5 inaigawanya. Jumla ya tarakimu zote ni 87: 3 inaigawanya, 9 haiwezi.

Kwa 7, 11 na 13 fanya jaribio moja, maana 7 × 11 × 13 = 1001. Kata nambari tatu tatu kuanzia kulia (ukianzia kushoto umeharibu), halafu toa na kuongeza kwa zamu:

615 − 551 + 709 − 73 + 744 − 446 + 18 = 1016

Toa 1001, unabaki na 15. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayogawanya 15, basi haigawanyi nambari yetu pia.

Majaribio haya hayakufikishi mbali. Utamu uko kwenye umbo lake. Kumbuka a² − 1 = (a − 1)(a + 1). Itumie mara mbili:

(2¹⁶ − 1)(2¹⁶ + 1)(2³² + 1) = 65,535 × 65,537 × 4,294,967,297

Ile hesabu ya ubao mmoja imo ndani ya hesabu ya mbao nne! 65,535 yenyewe ni 3 × 5 × 17 × 257. Kwa 65,537, jaribu nambari tasa hadi 256 tu, ambazo ni 54, kwa kuwa kipeuo chake cha pili kinapita 256 kwa nukta. Hakuna inayoingia: ni tasa.

Ya mwisho, 4,294,967,297, ilimchenga mwanahisabati Fermat, aliyeidhania tasa. Mwanahisabati mwenzake Euler aliipasua mwaka 1732. Siri ni kwamba tasa yoyote inayoigawanya lazima iache baki 1 ukiigawa kwa 64. Basi usihangaike na 7 au 19. Jaribu 193, 257, 449, 577. Zote zinaacha baki. Ya tano, 641, inaingia sawasawa: 641 × 6,700,417.

Hakiki kwa mkono: 6,700,417 × 600 ni 4,020,250,200, na × 41 ni 274,717,097. Jumlisha.

6,700,417 nayo ni tasa. Sasa una tasa saba, hakuna iliyojirudia. Kila moja unaichukua au unaiacha, hivyo nambari yetu ina vigawanyo 2⁷, yaani 128, ukihesabu 1 na yenyewe.