Kuchagua kitambaa cha gauni la dansi la krinolini, mtindo wa miaka ya 1860

Usiende dukani kabla krinolini yenyewe, yaani fremu ya pete inayovaliwa chini ya sketi ili kuitanua, haijakamilika. Ivae, vaa shumizi juu yake, kisha pima kutoka kiunoni hadi sakafuni huku futikamba ikifuata mbinuko wa fremu. Ukipima mwili mtupu, sketi itakuwa fupi.

1. Piga hesabu ya mita. Pete ya chini ikiwa na mzingo wa mita 3, upindo wa sketi usipungue mita 4. Kitambaa cha upana wa sentimita 150, vipande vitatu vinatosha. Kila kipande kikiwa na urefu wa sentimita 120, hiyo ni mita 3.6; ongeza mita 2 za bodisi (sehemu ya juu ya gauni) na mapambo. Hariri nyingi ni nyembamba zaidi ya hapo, kwa hiyo uliza upana kabla ya bei.

2. Kijaribu kwa ngumi. Tandaza mita moja juu ya ngumi yako. Tafeta ya hariri husimama, mikunjo yake ina kingo kali, na ukiitikisa inachakarisha. Hiyo ndiyo unayoitaka. Satini nyepesi ya polista hulala juu ya kila pete, na mvaaji akaonekana amefunika tenga la kuku. Dupioni, hariri yenye vinundu vya uzi, ni nafuu na inasimama vizuri, lakini mimi siitumii: mafundi wa enzi hizo waliona vinundu ni kasoro ya uzi.

3. Ukitaka wepesi, weka neti juu ya hariri. Tazama picha ya Malkia Elisabeth wa Austria aliyoichora mchoraji Winterhalter mwaka 1865: gauni jeupe, jepesi kama ukungu, limejaa nyota. Tafuta neti laini. Ile ngumu ya mapambo ya harusi hukaa kama chandarua kipya. Na mishumaa iwe mbali. Vitambaa hivi viliwaunguza wanawake wengi.

4. Rangi iangalie usiku, chini ya taa ya njano. Buluu nyingine hufifia kabisa. Zambarau kali usiiogope: mkemia Mwingereza Perkin aligundua rangi yake ya kutengenezwa maabara mwaka 1856.

5. Bodisi ishikize kwenye bitana ya pamba iliyofumwa kwa kubana, vipande viwili vishonwe kama kimoja. Jaribio la kwanza kata kwa marekani. Hariri ikishatobolewa na sindano, tundu halizibiki.