Ng'oa Gugu Moja Uende Nalo Agroveti

Ukiingia agroveti hapa Nakuru ukaomba "dawa ya magugu" tu, usishangae ukitoka na glaifoseti. Kwa shamba linalosubiri kulimwa, sawa. Kwa nyasi za uani ni hasara: dawa hiyo haichagui, na wiki mbili baadaye nyasi na magugu vyote vimekauka.

Kwa hivyo ng'oa gugu moja na mzizi wake, ulionyeshe muuzaji. Lenye majani mapana, mfano kishona nguo, linahitaji 2,4-D amini, ambayo huziacha nyasi. Shina hujipinda baada ya siku chache, kisha hufa polepole, usikimbilie kurudia.

Ndago ni habari nyingine. Inafanana na nyasi lakini si nyasi: sokota shina lake kwa vidole, utahisi pembe tatu. Ukiing'oa kwa mkono, vijitunguu vyake hubaki udongoni na kuchipuka upya. Uliza dawa yenye halosulfuroni, na usome lebo kama inaruhusiwa kwa nyasi zako. Sangari ndiyo kichwa ngumu, maana ni nyasi ndani ya nyasi. Ichimbue na mizizi yote, au uvae glavu uipake glaifoseti kwa sponji, jani kwa jani. Kazi ya kuchosha, najua.

Dawa yoyote utakayochukua, tafuta kwenye chupa nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa za shamba.

Kipimo ndipo wengi huharibu. Kifuniko cha chupa si kipimo! Tia maji matupu kwenye pampu, pulizia eneo la mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida, kisha uangalie umetumia maji kiasi gani. Yakiwa lita 2, pampu ya lita 20 itamaliza karibu robo ekari. Basi chukua kiasi ambacho lebo imetaja kwa ekari, utie robo yake.

Puliza asubuhi, kabla upepo haujaanza. 2,4-D ikifika kwenye nyanya za jirani, majani yatajikunja na mtasemezana. Nyasi zisikatwe siku 2 au 3 kabla na baada ya kupuliza. Zilizonyauka kwa jua, au zilizopandwa juzijuzi, ziache kwanza. Zilizopulizwa usimkatie ng'ombe, wala usizitandaze kwenye mboga.

Pampu yenyewe itie alama ya rangi nyekundu. Mabaki ya 2,4-D hayaishi kwa kusuuza mara moja, kwa hivyo isiingie tena kwenye nyanya wala sukuma wiki.