Chawa wa kichwani: namna ya kumwelekeza mzazi ili dawa ifanye kazi

Mzazi anarudi duka la dawa baada ya wiki mbili, analalamika kwamba aliuziwa dawa feki kwa sababu mtoto bado anajikuna. Ziko sehemu ambako chawa wamekuwa sugu kweli. Lakini muulize alivyoitumia, na mara nyingi utasikia mengine: chupa moja aliigawa kwa watoto watatu, aliisuuza mapema kwa kuwa mtoto alikuwa analia, au alipaka mara moja akaona imetosha. Hayo yote yanazuilika pale kaunta kwa dakika tano za maelezo. Maelekezo haya ni kwa muuza dawa, muuguzi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na yanahusu zaidi losheni ya permethrini ya asilimia 1.

Kabla ya kuuza, hakikisha ni chawa. Kujikuna peke yake si ushahidi. Mba na mapunye pia huwasha. Tenganisha nywele nyuma ya masikio na kisogoni, mahali penye mwanga. Mba hupukutika ukiugusa. Yai la chawa limegandia unywele, na ukilisukuma kwa kucha halitoki kirahisi. Yai lililo ndani ya milimita 6 kutoka ngozi ya kichwa huenda lina uhai. Yaliyo mbali zaidi kwa kawaida ni maganda matupu yaliyopanda pamoja na unywele unavyokua. Mwonyeshe mzazi tofauti hiyo kwa macho yake, la sivyo ataendelea kumpaka mtoto dawa wiki baada ya wiki kwa sababu ya maganda.

Jambo linalohitaji muda wako zaidi ni dozi ya pili. Usiseme tu "rudia baada ya siku tisa", eleza sababu. Permethrini huua chawa wanaotembea, lakini mayai mengi hupona. Mayai hayo huanguliwa kati ya siku ya 7 na ya 10, na chawa mdogo huhitaji siku 9 hadi 12 nyingine kabla hajaanza kutaga. Ukipaka tena siku ya tisa unawakuta wengi wameshatoka kwenye mayai na hawajataga. Ukipaka siku ya tatu, mayai bado yamefunga. Ukisubiri wiki tatu, kizazi kipya kimeshataga, na jike mmoja huweza kutaga mayai kama 8 kwa siku. Mzazi aliyeelewa hivyo hasahau.

Kisha taja siku kwa jina. Akipaka Jumamosi, arudie Jumatatu ya pili kutoka hapo, siyo ile ya keshokutwa yake. Andika tarehe zote mbili kwa kalamu kwenye boksi.

Hatua za kumsomea, ukiwa umeshika chupa mkononi:

1. Nywele zilizosukwa zifumuliwe kwanza. Dawa isiyofika kwenye ngozi ya kichwa haiwezi kufanya kazi.
2. Osha kwa shampuu ya kawaida, bila kondishna wala mafuta, kwa sababu hivyo huzuia dawa isishike. Kausha kwa taulo mpaka nywele zibaki na unyevu tu. Nywele zinazochuruzika maji huzimua dawa.
3. Mtoto ashike taulo machoni. Paka kuanzia nyuma ya masikio na kisogoni, kisha kichwa kizima mpaka nywele zilowe dawa kuanzia shinani.
4. Subiri dakika 10 kwa saa, siyo kwa kukisia.
5. Suuza kwa maji ya uvuguvugu, mtoto akiwa ameinamia beseni, ili dawa isisambae mwilini. Usioshe nywele tena kwa siku moja au mbili.

Chupa ya mililita 60 hutosha kichwa kimoja chenye nywele za wastani. Nywele ndefu na nzito huweza kuhitaji mbili. Kwa hiyo kila kichwa kinahitaji chupa yake kwa kila dozi, na dozi ni mbili. Sema gharama yote mapema. Kama pesa haitoshi, ni afadhali kushauri njia nyingine kuliko kumwacha akagawanye chupa. Kunyoa nywele karibu kabisa na ngozi huondoa chawa pamoja na mayai, na kwa wavulana wengi hilo si tatizo. Kwa binti anayezipenda nywele zake, usimlazimishe: kuna kitana chenye meno yaliyobanana. Loweka nywele kwa maji na kondishna (hapa inafaa, maana hakuna dawa), chana kutoka ngozini hadi nchani fungu kwa fungu, ukifuta kitana kwenye kitambaa cheupe kila mara. Rudia siku ya 5, ya 9 na ya 13. Ni kazi ya uvumilivu, na atakayeiruka siku moja amewapa chawa nafasi.

Usimalize kwa kuuliza "umeelewa?", kwa maana kila mtu atajibu ndiyo. Sema hivi: "Mama, naomba unieleze utakavyofanya ukifika nyumbani, nijue kama nimekueleza vizuri." Akisema, "Nitampaka, alale nayo, asubuhi nimwogeshe," umegundua kosa kabla halijatokea. Rekebisha sehemu hiyo tu, kisha mwombe aieleze tena.

Wote wanaoishi nyumba moja wakaguliwe, na wenye chawa watibiwe siku hiyo hiyo, akiwemo dada wa kazi na anayelala kitanda kimoja na mtoto. Chawa hawaruki, huhama vichwa vinapogusana, na wakianguka hufa ndani ya siku moja au mbili. Inatosha kufua kwa maji ya moto sana mashuka, foronya, mitandio na kofia zilizotumika siku mbili zilizopita. Hakuna haja ya kupulizia dawa godoro. Mwambie pia kwamba chawa si alama ya uchafu, kwa sababu mzazi mwenye aibu hatamwambia jirani wala mwalimu, na mtoto ataambukizwa upya.

Kataza waziwazi mafuta ya taa, dawa ya kupulizia wadudu na dawa ya kuogeshea mifugo. Mafuta ya taa hushika moto na kuunguza ngozi, na hizo nyingine ni sumu kwa mtoto.

Mtahadharishe kuwa muwasho huweza kuendelea siku kadhaa hata chawa wakiisha. Kipimo ni kuangalia saa 8 hadi 12 baada ya dawa: chawa wachache wanaojivuta polepole watolewe kwa kitana, dawa isirudiwe kabla ya siku ya tisa. Wakiwa wachangamfu kama mwanzo na hakuna aliyekufa, na maelekezo yalifuatwa, badilisha aina ya dawa badala ya kuongeza ile ile. Mtoto chini ya miezi miwili, au mwenye vidonda vya usaha kichwani au tezi zilizovimba shingoni, apelekwe kituo cha afya kabla ya kupakwa chochote.