Somo: Kumpokea nyumbani dakshundi aliyeokolewa

Habari zenu wapendwa wa kundi letu. Tangu nilipoweka picha ya mbwa wetu, Otto na Mitzi, wamelala chini ya blanketi moja, wengi mmeniuliza tuliwapataje, na inakuwaje mbwa aliyepitia mateso akaja kutulia namna ile. Nimeandika hatua kwa hatua, kisha chini nimejibu maswali mliyotuma. Naishi Minnesota, kwa hiyo habari za mashirika na gharama ni za huku Marekani. Habari za mbwa mwenyewe ni zile zile popote alipo.

Tuanze na jina. Wajerumani huandika Dachshund. Hund ni mbwa, na Dachs ni melesi, mnyama mchimba mashimo wa Ulaya, wa ukoo mmoja na nyegere wetu. Mbwa huyu alizalishwa ili aingie shimoni kumfuata melesi: miguu mifupi, mwili mrefu, kifua kipana, na sauti nzito ili mwindaji aliye juu ajue mbwa wake yuko wapi chini ya ardhi. Mimi nitaandika dakshundi, kama tunavyotamka. Ikumbukeni hiyo kazi ya shimoni, kwa sababu kubweka kwake, kuchimba kwake, kujifunika kwake na ubishi wake vyote vimetoka huko. Mbwa aliyezoeshwa vizazi na vizazi kuamua peke yake gizani, mbele ya mnyama mwenye meno, hangoji amri ya mtu.

Hatua ya 1: Ikague nyumba yako kwanza

Soma mkataba wa kupanga uone kama mbwa wanaruhusiwa na amana yao ni kiasi gani. Hakikisha kila mtu mzima ndani ya nyumba amekubali kwa moyo, maana kukubali kwa shingo upande huishia kwa mbwa kurudishwa. Pigeni hesabu ya saa. Wengi wetu tunafanya kazi za zamu, wengine zamu mbili kwenye nyumba za wazee. Mbwa aliyeachwa saa 14 atabweka na atajisaidia ndani, na hilo halitakuwa kosa lake. Dakshundi huishi miaka 12 hadi 16, kwa hiyo hata ukimchukua akiwa na miaka 7, jiandae kwa safari ndefu.

Hatua ya 2: Tafuta shirika, na uliza bila haya

Yako mashirika yanayookoa dakshundi hasa, kama Dachshund Rescue of North America, ambayo huwaweka mbwa majumbani kwa walezi wa kujitolea mpaka wapate kwao. Hiyo ni faida kubwa kwako, kwa kuwa mlezi amelala naye nyumba moja na anajua anachoogopa. Utajaza fomu ndefu, utaulizwa jina la daktari wako wa mifugo kama umewahi kufuga, na huenda mtu akaja kuiangalia nyumba. Najua baadhi yetu huona ukaguzi huo kama dharau. Mimi nilipokuja kujua Mitzi alikotoka, nilitamani wangenikagua mara mbili.

Mitzi alikaa miaka 7 kwenye kizimba cha waya mahali wanapozalisha watoto wa mbwa wa kuuza. Alizaa, akazaa tena. Alipotolewa hakuwa amewahi kukanyaga nyasi. Otto ni kisa kingine: bwana wake alizeeka akapelekwa nyumba ya wazee, na hakuna ndugu aliyemtaka mbwa. Wakakutana kwa mlezi mmoja, wakashikana. Tuliambiwa hawatenganishwi.

Muulize mlezi: Kwa nini aliachwa? Mgongo wake umewahi kumsumbua? Meno yake yakoje? (Dakshundi wana mdomo mwembamba na meno huoza upesi, Mitzi aling'olewa 11.) Amewahi kuishi na watoto? Na paka? Amehasiwa au kufungwa kizazi? Ana chanjo ya kichaa cha mbwa, na ana chipu ya kumtambulisha chini ya ngozi? Ada huwa mamia ya dola, nayo kwa kawaida inajumuisha chanjo na upasuaji huo wa uzazi.

Hatua ya 3: Itengeneze nyumba kwa ajili ya mgongo

Hapa naomba msome taratibu, maana hapa ndipo dakshundi wengi wanapopotea.

Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski laini zinazopokea mshtuko. Kwa dakshundi, diski hizo huanza kukauka na kuwa ngumu kama chokaa angali kijana. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba nakala ya ziada ya jeni (chembe ya urithi) iitwayo FGF4, iliyo kwenye kromosomu ya 12, inahusika na jambo hilo. Siku moja mbwa anaruka kutoka kwenye sofa, kama alivyoruka mara elfu, diski inapasuka na kuubana uti wa neva, na miguu ya nyuma inakufa ganzi. Madaktari hukadiria kwamba dakshundi 1 kati ya 5, au hata 1 kati ya 4, atapata tatizo la diski maishani. Upasuaji mara nyingi hupita dola 5,000. Kama unataka bima, ikate wiki ile ile unayomchukua, kwa sababu bima hailipii ugonjwa uliokwisha kuonekana.

Kwa hiyo, kabla hajafika: weka geti la watoto chini na juu ya ngazi. Nunua au tengeneza rampu yenye mteremko wa taratibu kwa sofa na kitanda, kisha ibandike zulia ili asiteleze. Mume wangu alitengeneza yetu kwa ubao na kipande cha kapeti kuukuu, na mpaka leo ni nzima. Tandika mikeka au mazulia kwenye sakafu inayong'aa. Nunua mkanda wa kifuani wa kumtembezea. Kola ya shingoni ibaki kwa ajili ya kibati chenye namba yako ya simu.

Na mfundishe kila mtu namna ya kumnyanyua: mkono mmoja chini ya kifua, wa pili chini ya makalio, mgongo umelala sawa kama ubao. Asinyanyuliwe kwa makwapa miguu ikining'inia, hata kwa picha.

Uzito nao ni mgongo. Dakshundi wa aina ndogo hapaswi kuzidi kilo 5 hivi. Wa aina kubwa huwa kati ya kilo 7 na 14. Ukipapasa ubavu, uzisikie mbavu. Atakuomba chakula kwa macho ambayo hujawahi kuyaona. Usimpe maandazi. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake, na mchuzi wetu karibu wote una kitunguu.

Hatua ya 4: Siku ya kufika, mpokee kimya

Sisi tumelelewa kumpokea mgeni kwa kelele za furaha. Jirani anaitwa, chakula kinapikwa, kila mtu anataka kumshika mkono. Kwa mbwa aliyeokolewa, fanya kinyume chake. Hiyo ndiyo heshima unayoweza kumpa.

Tulipowaleta Otto na Mitzi nilikuwa nimeshawaalika marafiki wawili na watoto wao. Mlezi akanipigia simu asubuhi, akaniomba niwaahirishe. Namshukuru hadi leo. Mitzi alipofika alijibanza nyuma ya choo saa 6 nzima. Angekuta watu kumi sebuleni, sijui angetoka lini.

Mtoe nje kwanza ajisaidie, kamba mkononi. Mwingize kwenye chumba kimoja tu. Kiwe na kizimba kilicho wazi mlango, kimefunikwa shuka juu ili kifanane na shimo, na ndani mna blanketi. Weka maji. Kaa sakafuni, mgeuzie ubavu, usimkodolee macho. Soma kitabu, piga sala zako. Akija kunusa, mwache anuse. Asipokuja, kesho ipo. Usiku atajifukia chini ya blanketi mpaka asionekane, kwa hiyo nyumba nzima ijue: hakuna kukalia blanketi lolote kabla ya kulipapasa.

Mlango wa nje ni hatari kubwa wiki za mwanzo. Mbwa hajui bado kwamba hapa ni kwake. Akitoka anakimbia tu, hana pa kurudi. Kamba iwe imefungwa kabla mlango haujafunguliwa.

Hatua ya 5: Siku 3, wiki 3, miezi 3

Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa huyu, siku ya tatu ndiyo kwanza anaanza kupumua. Watu wa uokoaji hutumia kipimo hiki: siku 3 za hofu, wiki 3 za kujifunza ratiba, miezi 3 ya kuanza kujiona yuko kwao. Wengine huhitaji zaidi. Usishangae akiwa mpole siku ya pili kisha akaanza kubweka na kutafuna wiki ya nne. Upole wa mwanzo ulikuwa woga.

Ratiba ndiyo dawa. Chakula saa zile zile, kutembea njia ile ile. Choo: mtoe kila baada ya saa 2, akiamka na akimaliza kula, na mpe kitu kitamu pale pale anapomaliza kujisaidia nje. Akikosea ndani, futa na unyamaze. Kumsugua pua kwenye mkojo kunamfundisha kukuogopa, basi. Huku kwetu kwenye theluji, koleo kwanza, mbwa baadaye: mfyekee kijia na uwanja mdogo, maana theluji ya sentimita 20 inampita tumbo.

Hatua ya 6: Watoto

Watoto wakae sakafuni, mbwa ndiye awafuate. Wasimkumbatie shingoni, wasimguse akiwa kizimbani au anakula. Wafundishe kumsoma: akigeuza uso, akilamba midomo bila chakula, akipiga miayo bila usingizi, anasema "niache." Mbwa anayesikilizwa mapema hana haja ya kuuma.

MASWALI YENU

*Dada, shikamoo. Sisi ni Waislamu, na mama mkwe anakuja kutoka Mombasa kukaa miezi miwili. Tuna dakshundi tangu mwaka jana. Nifanyeje asiudhike?* (Mwanachama, Ohio)

Marahaba mdogo wangu. Mimi si Mwislamu, kwa hiyo ya fikihi muulizeni sheikh mnayemwamini. Ninachojua ni kwamba wengi wa pwani ni Mashafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo mama apewe chumba ambacho mbwa hajawahi kuingia na hataingia, zulia lake la kuswalia likae humo, vyombo vya mbwa visioshwe kwenye sinki la jikoni, na anapokula mbwa awe kizimbani kwake. Na mwambie mapema kwa simu, kabla hajapanda ndege. Mama yangu kule Moshi, ambako mbwa wetu walilinda migomba na kulala nje, aliniuliza anapolala Otto. Nilipojibu "ndani," alinyamaza muda mrefu. Lakini alijua kabla ya kuja, na alipokuja hatukugombana.

*Naomba msaada haraka. Wetu ameamka anatetemeka, mgongo umejikunja, miguu ya nyuma inayumba kama mlevi. Tumsubiri hadi Jumatatu?* (Mwanachama, Texas)

Msisubiri. Nendeni hospitali ya dharura ya wanyama sasa hivi. Mwekeni kwenye kizimba kidogo ili asitembee, mbebeni humo humo. Msimpe dawa yoyote ya maumivu ya binadamu. Ibuprofeni na parasetamoli zinaweza kumuua. Mwambieni daktari alianza saa ngapi na kama amekojoa. Akiwa bado anahisi maumivu vidoleni, matumaini ni makubwa. Akipoteza hisia hiyo, kila saa ina thamani.

*(Baadaye aliandika: daktari amesema ni diski, lakini hahitaji kisu kwa sasa, dawa na kukaa kizimbani.)*

Namshukuru Mungu. Kukaa kizimbani kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6, au zaidi daktari akitaka, na maana yake ni kukaa kweli: anatolewa kwa choo tu, amebebwa. Wiki ya pili atajiona amepona na atakulilia. Usimfungulie. Huo ndio wakati wanapojiumiza upya.

*Jina alilokuja nalo silipendi. Naweza kulibadilisha?* (Mwanachama, London)

Unaweza. Kama jina la zamani lilikuwa la kufokewa, ni vizuri hata. Litamke jipya kila unapompa chakula, atalishika.

*Niko Nairobi. Hawa nitawapata wapi?* (Mwanachama, Kenya)

Anza na KSPCA, shirika la kutetea na kutunza wanyama, pale Karen, kaka. Lakini nikwambie ukweli: wengi utakaowakuta kwenye vizimba vya waokoaji ni mbwa wa kienyeji na machotara, na wanasubiri vile vile. Somo hili lote ukiondoa ya rampu linawafaa. Popote utakapompata, ahakikishwe chanjo ya kichaa cha mbwa na irudiwe kwa wakati. Mtoto akiumwa au kuparuzwa na mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

*Wetu ametoka kwenye uzalishaji kama Mitzi. Ni wiki ya tano, na bado anakula usiku tu tukiwa tumelala. Mchana hagusi. Tumekosea wapi?* (Mwanachama, Minnesota)

Hamjakosea. Anakula, na anakula nyumbani kwenu. Mitzi alichukua miezi 4 kula mbele yangu. Bakuli lake liacheni pale pale alipolizoea usiku. Jioni moja, mmoja wenu akae mwisho wa chumba, mbali kabisa, amempa mgongo, dakika kumi tu. Siku tatu zikipita na chakula kikipungua, asogee hatua moja. Akisita, rudini nyuma hatua mbili. Na siku atakayokula nawe upo, usimgeukie. Endelea kusoma kitabu chako mpaka usikie amemaliza kulamba bakuli.